Kondoa kwa siku mbili: namna ya kuzunguka vilima vya Kolo bila kujitesa

Juzi kuna ndugu yangu wa Dar kanitumia picha za milima ya chokaa ya Vietnam, ile inayochomoza majini kama meno, chini akaandika "nyie huko Dodoma mna nini zaidi ya vumbi na wabunge". Nilicheka maana kwenye vumbi hajakosea. Ila nikamjibu marefu mpaka vidole vikauma, halafu nikaona bora niyapange vizuri, maana hilo swali naulizwa kila siku na watu waliohamia huku na serikali, mwaka wa saba huu wengine, na wikiendi zao zote ni nyama choma na mpira kwenye runinga.

Tuelewane kwanza. Milima ya chokaa ya aina ile hatuna, ukitaka mawe ya chokaa na mapango yake shuka Tanga kaangalie Amboni. Huku katikati mawe yetu ni mengine, magumu, makubwa kama nyumba, yamekaa juu ya vilima kama kuna mtu aliyapanga akaachia njiani, na chini ya yale yaliyoinama watu wa zamani walichora. Hiyo ndo Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa Irangi iliingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006, nchi nzima maeneo ya namna hiyo yako saba tu, na katika hayo saba hili ndo ambalo watu wanalipita wakiwa wamelala kwenye basi la Arusha. Sitanii. Barabara inapita pale pale Kolo kijijini, kibao kipo, mtu anafungua jicho moja anaona "Kolo" anarudi kulala.

Mi nimeenda mara nne sasa, mara ya kwanza nilienda vibaya sana, kwa hiyo mengi ya hapa chini nimeyajua kwa kukosea.

Tuanze na lini. Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza kama Desemba inaenda mpaka Aprili, baada ya hapo ni ukavu mpaka unasahau wingu linafananaje. Nenda kuanzia Mei mwishoni mpaka Oktoba. Mei na Juni ndo nzuri kuliko zote kwa macho yangu kwa sababu nyasi bado zina rangi, hewa imeoshwa, unaona mbali kabisa, na mashamba ya alizeti na uwele bado yana kitu. Juni na Julai kuna baridi na upepo asubuhi, usije ukadhani Dodoma ni joto tu, Kondoa mjini iko juu karibu mita 1,400 na vilima vinapanda zaidi ya hapo, chukua sweta. Septemba na Oktoba jua linachoma na kila kitu ni kahawia, inafaa kama unapenda kuona mawe tu.

Mi mara ya kwanza nilienda Machi. Na IST. Lami yenyewe haikuwa na shida, shida ilianza pale nilipoiacha, kuna vile vijito vya mchanga ambavyo kiangazi ni njia ya kawaida tu, masika vinajifanya mto, nikasema hapa napita, sikupita. Vijana wanne na mzee mmoja na kamba ya kufungia ng'ombe wakanitoa baada ya masaa mawili, na yule mzee akaniambia kwa upole kabisa kwamba hata majeshi yalishakwama hapa. Nikajua ananifariji, kumbe ni historia kweli: mwaka 1916 vita ya kwanza, wale wapanda farasi wa Afrika Kusini chini ya van Deventer waliwatoa Wajerumani Kondoa mwezi Aprili, halafu mvua ikawafungia pale pale, chakula hakifiki, farasi wanakufa kwa magonjwa, na Mei Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja kuwashambulia usiku. Alishindwa, ila mvua nayo ilishafanya kazi yake. Sasa jeshi zima lilinasa wewe na IST yako utafanyaje.

Kufika siku hizi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Zamani Dodoma kwenda Babati ilikuwa safari ya kuaga ndugu, sasa ni lami tupu kilomita 251, ilizinduliwa 2018. Kondoa iko kama kilomita 160 kutoka Dodoma mjini, Kolo ni kilomita ishirini na kitu mbele yake ukielekea Babati. Kama unatoka Dar panda treni ya SGR mpaka Dodoma, kama masaa manne hivi, lala Dodoma, jioni hiyo kama una nguvu kapande Jiwe la Simba ili miguu ijue kinachokuja. Asubuhi nenda stendi kuu Nanenane, pata gari la Kondoa au basi lolote la Babati na Arusha. Kama unapanda la Arusha mwambie konda mapema na umrudie tena njiani kwamba unashuka Kolo, maana wao kichwani Kolo haipo, ipo Babati.

Njiani usilale basi, nakuomba. Ukiacha Msalato na Mayamaya mibuyu inaanza kujaa, mingine mikubwa mpaka unajiuliza ilimuona nani na nani, na ukishaipita Chemba ardhi inaanza kujikunja, unaona vilima upande wa kulia na makorongo mekundu. Bado huku chini ni kwa Wagogo, ukisimama kununua ubuyu au karanga sema "mbukwa" kwa mmoja, "mbukwenyi" wakiwa wengi, utaona sura inavyobadilika. Ukifika Kondoa ni kwa Warangi, hapo Kiswahili chako na shikamoo kwa wakubwa vinatosha kabisa.

Sasa kanuni ambayo haina mjadala: michoro haiendewi kienyeji. Unaanzia ofisi ya mambo ya kale pale Kolo, iko karibu na barabara, unaandikisha, unalipa kiingilio, Mtanzania analipa kidogo ukilinganisha na mgeni kwa hiyo beba kitambulisho, na unapewa mtu wa kukuongoza. Kuna kimakumbusho kidogo pale pale, kipitie kabla ya kupanda na sio baada, kwa sababu ukishajua unatafuta nini kwenye jiwe macho yanaona haraka. Nimeshaona watu wamepanda kilima kizima wakafika wakasema mbona ni madoa tu. Sio madoa, ila jicho linahitaji dakika tano za kukaa kimya.

Chukua keshi. Mtandao unashika na kukata, na yule wa bodaboda hana muda wa kusubiri meseji ya muamala huku wewe umenyanyua simu juu kama unaomba mvua.

Kutoka Kolo mpaka chini ya kilima chenye michoro maarufu, sehemu tatu ambazo wenyewe wanaziita B1, B2 na B3, ni kama kilomita kumi za njia mbaya. Gari la juu linafika, gari la chini utaacha ekzosi. Mi napendekeza bodaboda, mpatane bei ya kwenda, kukusubiri na kurudi, yote kwa pamoja kabla hujapanda, na yule mwongozaji naye anapanda yake. Halafu ni miguu. Sio kupanda kwa masaa, ila kuna sehemu ni mwinuko kwelikweli na mawe yanateleza kwa vumbi, vaa raba zenye meno, kuna dada nilimkuta pale na yeboyebo analia. Maji lita moja na nusu kila mtu, usiniambie mimi sinywagi maji. Na usijipulizie pafyumu siku hiyo, miamba kama ile nyuki wanaipenda, hawapendi harufu zako.

Anza saa moja asubuhi, ile ya kwetu, jua limetoka tu. Ukichelewa mpaka saa tano unapanda unalaumu kila mtu.

Ukifika utaona nini? Michoro ya rangi nyekundu ndo ya kutazama kwanza, mistari myembamba sana, udongo mwekundu wenye chuma ndo uliotumika. Kuna twiga, pofu, tembo, na watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wengine kama wana nywele zilizotengenezwa, wengine kama wamevaa kitu usoni, wengine wanaonekana wanacheza. Juu ya hiyo nyekundu sehemu nyingine kuna michoro myeupe, minene, ya kidole zaidi kuliko ya brashi, hiyo inahesabiwa ni ya baadaye, ya wakulima wa Kibantu. Nyekundu inahusishwa na wawindaji, na ndo hapo jina la Wasandawe linaingia, wako Chemba upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, wanaongea ile lugha yenye vidoko, ya kugonga ulimi mdomoni, na kuna maandishi ya watafiti yanayosema Wasandawe waliendelea kuchora mpaka karne ya ishirini. Umri wa michoro ya zamani kabisa wataalamu bado wanabishana, ukisikia mtu anakutajia namba moja kwa kujiamini mtabasamie tu.

Mtu aliyefanya ijulikane duniani ni Mary Leakey, yule yule mtafiti wa mambo ya kale wa Olduvai, mwaka 1951 alikaa huku miezi ananakili michoro kwa mkono, picha moja baada ya nyingine. Nikiwa pale juu huwa nafikiria hilo zaidi hata ya michoro yenyewe, mtu anakaa chini ya jiwe siku nzima na karatasi na penseli, mimi nikikaa nusu saa natafuta chaji.

Usiguse. Usimwagie maji ili rangi ing'ae kwenye picha, hiyo ni tabia ya zamani na imeshaharibu sana. Flashi zima. Droni usije nayo kama huna vibali, utanyang'anywa mapema tu. Na ukiona shimo limechimbwa chini ya mwamba usidhani ni watafiti, kuna watu wanaamini Wajerumani walificha mali kwenye vilima hivi, wanachimba usiku, wanaharibu udongo ambao ungetueleza nani alikaa pale na lini. Mali yenyewe mi sijasikia aliyeipata, ila majembe hayaishi.

Halafu kuna Mungumi. Hiyo ndo B2, na hapa nitasimama kidogo kwa sababu ndo sehemu watu wa mjini wanakosea adabu. Mungumi sio makumbusho kwa Warangi, ni mahali panapofanya kazi mpaka leo. Watu wanapanda kuomba mvua, wanapeleka wagonjwa, kuna matambiko yanafanyika, mbuzi anachinjwa, pombe ya nafaka inamwagwa. Kuna mvutano wa siku nyingi kati ya watu wa uhifadhi na wenyeji kuhusu hicho kitu, maana pombe na mafuta vikirushiwa ukutani rangi inaumia, wenyeji nao wanakuuliza sasa mwamba huu uliutunza wewe au babu yangu. Mi naona wote wana hoja, ila kama ningelazimishwa kuchagua ningesema bila wale wanaopanda kuomba, kile kilima kingeshakatwa miti yote kuwa mkaa. Wewe fanya hivi tu: ukifika, mwongozaji akisema subiri, subiri. Ukikuta majivu, damu kavu, kibuyu, usikisogeze ili selfi iwe safi. Ukikuta watu wapo wanafanya jambo lao, rudi chini ukanywe maji, B1 haijakimbia. Mara yangu ya tatu tulikuta hivyo, tulikaa chini ya mti saa nzima na nusu, kuna mwenzetu alinuna njia nzima kama mtoto kanyimwa soda.

Watu wengi wakishaona hizo tatu wanaondoka, na kwa siku moja sawa. Ila eneo lote la urithi ni zaidi ya kilomita za mraba 2,300 na miamba yenye michoro inahesabiwa kuanzia 150 kwenda juu, kwa hiyo kama umelala Kondoa siku ya pili nenda Pahi, iko kama kilomita kumi na mbili kutoka Kolo, kule michoro myeupe ndo mingi na kufika hakuchoshi, hata mzee wako anaweza. Au Fenga, kama miguu bado ipo, huko kuna tembo anayeelezwa kuwa yuko mtegoni, watu wamemzunguka. Chagua kimoja. Usijaribu vyote viwili siku moja.

Kitu kingine ambacho hakimo kwenye vipeperushi vya utalii, na mi ndo nakipenda kuliko, ni makorongo. Ukiwa juu ya kilima tazama chini utaona ardhi imechanwa, mifereji mikubwa mikundu, mingine ukishuka ndani hauonekani. Zamani wakoloni walifyeka vichaka kufukuza mbung'o, watu na mifugo wakasongamana, mvua ikabeba udongo. Mwaka 1973 ukaja mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, wazee bado wanaitaja kwa jina, na mwaka 1979 serikali ikaamua jambo zito, mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika la kilomita za mraba 1,256. Yote. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, punda. Fikiria unamwambia mfugaji hivyo. Majani yakarudi, miti ikarudi, baadaye wakaruhusu ng'ombe wa kufugia bandani. Ndo maana ukiona leo vile vichaka vya kijani kwenye miteremko ujue sio vya Mungu peke yake, kuna kaya zilihama na ng'ombe wake ili viwepo. Mwombe mwongozaji akupitishe mguu kwa mguu kwenye korongo moja wakati wa kurudi, jioni kama saa kumi na moja ule wekundu unawaka, na uulize wazee wa kijiji mwaka sabini na tisa walikuwa wapi. Utapewa kiti.

Kulala: Kondoa mjini gesti zipo za kutosha, za kawaida, maji ya moto uliza kabla hujalipa na usikubali "yatakuja". Kolo kwenyewe ni padogo, mi silali huko labda kama nina hema. Mji wa Kondoa nao upe nusu siku, nenda kwenye chemchemi, maji yanatoka tu ardhini mjini pale katikati ya nchi kavu kama hii, na ndo maana mji uko hapo. Ni mji wa Waislamu wengi, kwa hiyo vaa kwa heshima, kaptula za kupandia mlima vua ukirudi, Ijumaa mchana maduka mengi yanafunga kwa ajili ya swala, na mwezi wa Ramadhani mchana usitegemee mgahawa.

Chakula omba ugali wa uwele na mlenda. Nimeshakutana na watu wanakataa mlenda kwa kuuangalia tu, unavutika sawa, ila ukipikwa vizuri na karanga na ukala na ugali wa uwele wa moto hutataka tena wali wa kwenye mapati. Kama kuna mnada siku hiyo kijiji chochote cha jirani, uliza bodaboda wako anajua ratiba, acha mipango yote uende, nyama ya mbuzi ya mnadani inachomwa mbele yako na unajifunza mji mzima kwa masaa mawili. Asali pia wanauza, onja kwanza, nyingine imeongezwa sukari mpaka inaona haya.

Wenye siku ya tatu na gari la juu waende Haubi, bonde lililozungukwa na milima, kuna misheni ya zamani na ziwa ambalo maji yake yanakuja na kuondoka kutegemea mvua. Piga simu kwa mtu wa huko kwanza uulize kama ziwa lipo. Mi nililikuta ni malisho.

Hela. Sikutajii bei maana zinabadilika, ila mpangilio wangu ni huu: nauli na gesti ndo ndogo, bodaboda wa kusubiri ndo mkubwa, kwa hiyo nendeni wawili au watatu mgawane. Mwongozaji mpe kitu juu ya kiingilio, mkononi, na umshukuru kwa jina lake.

Kurudi ndo panapowashinda wengi. Magari ya Babati na Arusha kwenda Dodoma yanapita Kolo mchana, jioni yanapungua sana na mengi yanapita yamejaa, hayasimami hata ukipunga shuka. Usikae Kolo unasubiri bahati. Ikifika saa tisa bila gari panda bodaboda au chochote kinachoenda Kondoa, pale kuna gari zinazoanzia hapo hapo, unakaa dirishani, upande wa magharibi kama unataka kuona jua linazama nyuma ya mibuyu, ila funga kioo mapema, vumbi la Dodoma linaanza kukupokea hata kabla hujafika Mayamaya.